Makondo Mawili ya Likoni

Nilipokuwa muuguzi wa uzazi Likoni, mapema miaka ya tisini, kazi iliyonitoa jasho haikuwa kuzalisha. Kuzalisha nilikupenda, na hadi leo nikisikia kilio cha kwanza cha mtoto mchanga mwili wangu wote huchangamka. Kazi ngumu ilikuwa kuwabembeleza akina nyanya. Wao ndio waliokuwa na kauli ya mwisho kuhusu mjukuu atazalia wapi, na wengi wao waliona kitanda cha kituo chetu ni mahali pa mgonjwa, si pa mzazi. Miaka minne nilipita nyumba kwa nyumba mpaka Mtongwe, nikinywa chai nisizozihitaji na kusifu mihogo niliyoshindwa kuimaliza, mpaka wakaanza kuniletea wajukuu wao.

Walikuja kwa sharti moja tu: kondo la nyuma lirudi nyumbani. Kwetu kondo halitupwi. Huoshwa, likafungwa kwa kitambaa cheupe, likazikwa uani huku mrija wa kitovu ukitazama juu ili mama asifunge uzazi. Mahali lilipozikwa ndipo kwao mtoto, hata akihamia Ulaya. Niliahidi kila nyanya kwamba halitapotea, na nilijua fika kwamba siku ahadi hiyo itakapovunjika, vitanda vyetu sita vitakaliwa na mende.

Ndipo akaja daktari wa utafiti. Alikuwa kijana kutoka Nairobi, mwembamba, miwani imemzidi uso, na begani amening'iniza sanduku kubwa la barafu. Watoto wa mtaa walidhani anauza barafu za ukwaju, wakamfuata kutoka kivukoni hadi mlangoni kwetu wakipiga kelele. Ikambidi kila asubuhi afungue sanduku awaonyeshe vichupa vitupu, na wao waondoke wamenuna. Nilimcheka wiki nzima.

Alikuja kukusanya damu inayobaki ndani ya kondo baada ya mtoto kutoka. Siku hizi vitabuni nasoma "seli shina", lakini yeye aliziita chembe mama. Alinichorea kwenye karatasi iliyofungiwa mahamri, kati ya madoa ya mafuta, namna chembe moja inavyoweza kuzaa nyingine za kila namna, nyekundu, nyeupe, na zile zinazogandisha damu. Mtu ambaye damu yake imeharibika, alisema, anaweza kupandikizwa chembe hizo akaanza upya.

"Na zinapatikana wapi?" nikamuuliza.

"Hapo ndio kuna maneno, sista. Kwenye uboho wa mifupa ziko, lakini lazima udunge mtu sindano nene hapa kwenye nyonga. Inauma vibaya. Huko ng'ambo wengine wanazitafuta kwenye mimba zilizotolewa, na watu wanagombana, huyu anasema ni dawa, yule anasema ni uhai wa mtu. Lakini hii kitu ya kondo! Mnazika tu. Hakuna anayeumia, hakuna wa kugombana naye."

"Wewe hujakutana na nyanya wa Mtongwe," nikamwambia.

Akataka kukutana naye. Nikampeleka kwa yule aliyekuwa mkali kuliko wote, ambaye mjukuu wake alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue. Mashamba ya familia yao yalikuwa pale tangu enzi za babu wa babu zake, na neno lake likitoka asubuhi, adhuhuri limeshafika mtaa wa Shika Adabu. Tulimkuta amekalia mbuzi anakuna nazi. Mjukuu, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa kando anapepea makaa ya seredani.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu. Na huyu mgeni wako mwenye sanduku?"

Daktari akaeleza haja yake. Nyanya akaacha kukuna.

"Damu ya kitukuu changu mwaitaka ya nini? Nyinyi ni mumiani?"

Daktari akanitazama. Ikabidi nimweleze, palepale mbele ya mwenyewe, kwamba mumiani ni watu tuliotishwa nao sote utotoni, wale wanaosemekana huwakamata watu wakawatoa damu kutengenezea dawa. Nilitegemea akane kwa viapo vyote. Badala yake alifikiri kidogo, akasema, "Nyanya, kwa kweli ni kama hivyo. Tunataka damu, na tunataka dawa. Lakini hatukamati mtu."

Nilitamani kumfinya. Nyanya alimkazia macho, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka na nazi ikamponyoka. "Wallahi nimeishi miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo namuona mumiani mkweli!"

Baada ya kicheko mambo yakawa mepesi. Daktari akarudia kwamba kuchukua damu ile hakumuumizi mama wala mtoto. Nyanya akaokota nazi yake.

"Nazi ikianguka chini, ukiiokota haiumi," akasema. "Lakini ina mwenyewe. Damu tawapa. Kondo lirudi, zima, siku iyo iyo, lizikwe kwetu. Lisiporudi, hatukupatana."

Daktari akatoa fomu yake. Nyanya akaweka kidole mahali pa kutia sahihi, na mjukuu akafuta masizi mikononi akaandika jina lake palepale penye kidole. Tuliondoka tukiwa na furaha kama watu waliotoka kuposa wakakubaliwa.

Binti yule alishikwa na uchungu siku moja na mama mwingine, mgeni kutoka bara, ambaye mumewe alifanya kazi bandarini. Yeye na mumewe walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na kivuko. Naye alikuwa amekubali damu ichukuliwe, kwa sharti lilelile, isipokuwa alilisema kwa aibu kidogo. Kwao hasa kulikuwa mbali na nauli ya kupeleka kondo hadi huko haikuwepo, basi mume alikuwa ameomba kwa mwenye nyumba nafasi ya kulizika nyuma ya bafu.

Watoto wawili walizaliwa asubuhi moja, wakipishana kwa nusu saa. Binti alipata msichana. Mama wa bara alipata mvulana mwenye sauti ya baharia. Uzi mweupe wa kufungia kitovu uliniishia baada ya msichana, kwa hiyo mvulana nikamfunga kwa uzi wa buluu niliokuwa nao wa kushonea sare yangu, nikauchemsha kwanza. Uzi hufungwa mara mbili, upande wa mtoto na upande wa kondo, ndipo unapokata katikati. Nasema haya kwa sababu uzi huo ndio ulioniumbua.

Makondo yote mawili nikayaweka mezani, kila moja katika beseni lake jeupe. La binti nikaliweka mkono wa kulia. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ni malezi tu. Nyumba ya kina binti ilikuwa ya wazee wa heshima, nyanya alikuwa amekaa nje kwenye benchi ananisubiri, nami sikuona vipi kitu chake kikae kushoto. Nikamwambia daktari, "La kulia ni la kwa nyanya," nikarudi kuwasafisha wazazi.

Daktari alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, ananitazama uso kwa uso. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Akavuta damu, akaandika namba kwenye vichupa kwa hesabu ya kulia kwake, akanikabidhi mabeseni. "Hili la nyanya," akasema, "na hili la yule mwingine." Nikapokea nikiwa na haraka, nikayafunga, nikatoka nayo. Nyanya alifungua kidogo kukagua, kama desturi yake.

"Na uzi huu wa buluu?" akauliza.

"Mweupe umekwisha, nyanya," nikamjibu, na nikampita nikampe mume wa mama wa bara la kwake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa namsafisha msichana kitovu, naimba, maana nilikuwa na raha siku hiyo. Nikaona uzi mweupe. Nikaacha kuimba. Nikaenda kitanda cha pili, nikamfunua mvulana. Uzi wa buluu. Nikaketi kwenye kitanda cha mzazi bila kuomba ruhusa.

Kondo la kitukuu cha nyanya, la nyumba ile yenye mashamba, lilikuwa limezikwa nyuma ya bafu la wapangaji. La mtoto wa wapangaji lilikuwa limelala uani Mtongwe, limefunikwa kitambaa cheupe na dua. Nilijikasirikia, kisha nikaona hasira yote hiyo ni nyingi kwa mtu mmoja, nikaenda kumgawia daktari.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshavusha damu hadi maabara kisiwani, vichupa vimo ndani ya barafu, havijaguswa. "Namba nitabadilisha, hiyo ni rahisi," akasema. "Lakini hizo kondo, sista, si ziko kwa udongo tayari? Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe."

"Nyanya akijua hatutapata damu nyingine hapa."

"Na mimi sitapata mzazi mwingine!" nikamfokea. "Lakini alikwambia lisiporudi hamkupatana. Halikurudi. Sasa damu uliyonayo ni ya nani?"

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema nina haki, ruhusa ilikuwa na sharti, na sharti limevunjika, kwa hiyo alichonacho kwenye barafu hakijaruhusiwa na mtu. Nilimpenda tangu dakika hiyo, ingawa niliendelea kununa mpaka saa nne.

Mama wa bara nilimwambia palepale kitandani. Akatazama mwanawe, akaniuliza, "Kwa hivyo yangu iko kwa shamba ya hao wazee?" Nikasema ndiyo. Akaziba mdomo kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Binti nilimwambia tu kwamba tuna jambo la kuzungumza na nyanya yake. Hata wakati huo sikuona nilichokuwa nafanya.

Adhuhuri wote wawili waliruhusiwa kwenda nyumbani, na mama wa bara akakataa kuachwa nyuma. "Kama ni mambo ya mtoto wangu, nitakuwa hapo," akasema, na mumewe akaomba ruhusa kazini. Tukajazana kwenye gari la kituo, wazazi wawili, watoto wawili, mume, daktari na mimi. Nyanya alitupokea kwa vigelegele. Akatandika mkeka, akaleta uji wa pilipili manga wa wazazi. Vigelegele vile viliniuma zaidi kuliko matusi. Nikasema kabla sijakaa, yote, kuanzia mkono wa kulia mpaka uzi.

Nyanya akamgeukia mume wa mama wa bara.

"Wewe ndiwe uliyelizika letu?"

"Ndiyo, mama."

"Uliliosha?"

"Niliosha na maji moto. Halafu nikafunga na shati yangu ya kanisa, kwa sababu kitambaa mpya sikuwa nayo."

"Mrija ulitazama wapi?"

"Juu. Bibi yangu aliniambia lazima iangalie juu."

"Na shimo?"

Mume akaonyesha mkono, ndani hadi begani. Nyanya akamtazama mkono ule, akamtazama usoni, kisha akashusha pumzi.

"Kijana wa watu kalizika na shati lake la ibada," akatwambia sisi wengine, kana kwamba hatukusikia. "Halifukuliwi. Wala la kwao halifukuliwi. Lipo uani kwangu, na huyu mwana ni wa hapa. Akikua akiambiwa hana kwao pwani, namje anionyeshe aliyemwambia."

Mama wa bara alilia sasa, kweli. Nami nikalia, na sikujali nani ananiona. Nilidhani yamekwisha, na daktari bado hajasema lake. Akasogea mbele kwenye mkeka, akaeleza kwamba damu ameishika bila ruhusa kwa kuwa sharti halikutimizwa, na kwamba anaomba upya, na yeyote akikataa hataitumia.

"Yangu tumia," akasema mama wa bara, na mumewe akaitika kwa kichwa.

"Na mimi nalisema zamani," akasema nyanya. "Chukua."

"Mimi sikuulizwa."

Ilikuwa sauti ya binti. Nilikuwa nimemzalisha, nimemshika mkono saa tisa mfululizo, na bado nilishtuka kama aliyesikia mlango ukisema. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua macho.

"Nyanya alisema, sista akasema, daktari akasema," akaendelea polepole. "Mimi nilionyeshwa pa kuandika jina. Aliyebeba ni mimi. Na mwenye damu ni huyu, na huyu hana kinywa ila changu. Hakuna aliyenigeukia."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka minne nilikuwa nimewabembeleza akina nyanya, nikajisifu kwa hilo, na hakuna hata mzazi mmoja niliyekunywa naye chai kwa ajili ya haja yake mwenyewe. "Kweli," akasema nyanya, na neno hilo lilimgharimu.

Daktari akageuka mkekani, mwili mzima, akaketi mbele ya binti. Akamweleza tena kutoka mwanzo chembe mama ni nini, zinatoka wapi, atazifanyia nini, na kwamba dawa huenda isipatikane hata watoto hawa wakizeeka. Akamwuliza kama anakubali.

"Hapana," akasema binti. "Nataka irudi izikwe na mwenzake."

"Sawa."

"Hutaniuliza sababu?"

"Ukitaka kuniambia."

"Sina sababu."

"Basi nitaileta kesho," akasema daktari.

Mwalimu aliyesimamia utafiti ule alimfokea daktari kwenye simu hadi sauti ikasikika nje ya ofisi yetu, lakini kesho yake daktari alivuka na kichupa. Habari ilikuwa imemtangulia. Nyanya alikuwa ameitangazia Mtongwe nzima kwamba mumiani anarudisha damu, jambo ambalo tangu dunia kuumbwa hakuna aliyelishuhudia, na wanawake wakaacha vyungu motoni waje waone. Msafara ule sitausahau. Mbele nyanya katika buibui lake jipya, nyuma yake binti na mtoto, kisha sisi, kisha wanawake wasiopungua arobaini, tukielekea nyuma ya bafu la wapangaji. Mwenye nyumba alidhani tumekuja kumshtaki. Alipoelewa akakimbilia kufagia, akamwaga maji, akafagia tena.

Daktari alipiga magoti kwenye tope lile, suruali yake ya Nairobi ikaharibika, akachimbua kidogo juu ya kaburi dogo na kumimina. Matone yalikuwa machache, hayajai kikombe cha kahawa. Binti akafukia kwa mkono wake. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama wa bara, hakikutoka vizuri, kilikatika katikati, na wanawake wa Mtongwe wakakipokea wakakimalizia kwa niaba yake. Nyanya akasema wageni wa mjukuu wake hawaondoki na njaa, na kumbe sufuria la pilau lilikuwa limeshabebwa. Tulikula pale uani kwa wapangaji mpaka alasiri, na mume wa mama wa bara akapewa shati jipya, refu kama kanzu, lililomvuka magoti.

Baada ya siku ile vitanda sita havikututosha. Wanawake walikuja na mabeseni yao wenyewe, wengine wakitaka kumwona daktari kabla hawajaniona mimi. Wapo waliokubali, wapo waliokataa, na waliokataa walikataa kwa raha, wakisimama wima, wengine nadhani kwa utamu tu wa kutoka nje na kulirudia neno hilo mbele ya mkwe. Sikuwauliza wakiwa na uchungu. Niliwauliza mapema, mmoja mmoja, mlango umefungwa na nyanya yuko nje.

Miaka miwili ilipita. Asubuhi moja nasikia mtu anaita kutoka barabarani, na kabla sijafika mlangoni binti wa Mtongwe ameshaingia, anatembea mwenyewe, tumbo mbele, mkono kiunoni.

"Sista! Yuko wapi yule daktari?" Akaegemea ukuta, uchungu ukampitia, akavuta pumzi. "Mwambie ndiyo. Nimeamua tangu nyumbani. Achukue damu yote."

"Daktari alimaliza kazi yake," nikamwambia. "Ni mwezi wa sita sasa tangu aondoke."

Alinikodolea macho, jasho linamtiririka, hasira ikampanda usoni.

"Ameondoka? Hajaniuliza!"

Tulicheka sote wawili, yeye kati ya uchungu na uchungu, mpaka nikaogopa atajifungulia mlangoni. Alizaa mvulana kabla ya adhuhuri. Nikaliosha kondo, nikalifunga kwa kitambaa cheupe, nikaukagua uzi mara mbili. Nje kwenye benchi nyanya alikuwa ameshainuka na mikono ameikunjua. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikarudi nalo ndani, nikampa mwenyewe kitandani.